Kocha Gaskin Anastaafu, Dessa Ameelewa

Sasa hivi mwanangu Opal, ambaye hajafikisha miaka mitatu, ameinama katikati ya chumba cha kufulia, akaweka kiganja kimoja sakafuni, akainua makalio juu, kisha akalisukuma tenga la jezi chafu mpaka likagonga mlango. Halafu akageuka kuniangalia kama mtu anayesubiri makofi. Nimempigia, ila kwa wivu kidogo, maana jambo hilohilo mimi mama yake lilinichukua miaka mitano, nikifundishwa na wanaume wenye shahada. Na mtu aliyesimama akinitazama nikishindwa miaka yote hiyo ndiye ninayemwandikia hapa.

Kocha Wendell Gaskin anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na moja ya kuifundisha safu ya mbele ya timu ya mpira ya Chuo cha Cutler. Kwa ndugu zetu wa maktaba na wa bustani ambao hamfiki uwanjani: mpira wenyewe ni huu wa helmeti, na safu ya mbele ni wale vijana watano wanene wanaoinama mbele ya mrushaji wa mpira ili asikanyagwe. Majina yao hayatajwi kwenye kipaza sauti mpaka wakosee. Picha zao gazetini huwa ni migongo. Wakienda upande usio wao, mrushaji anatolewa kwa machela.

Mhariri wa jarida hili alimwambia Kocha achague mwenyewe wa kumwandikia. Angeweza kumtaja Kocha Mkuu Trask, au yule profesa wa historia wanayekaa naye benchi moja kanisani. Akasema, "Aandike Dessa wa usafi. Dessa akishaeleza jambo, hakuna atakayeachwa nyuma." Nilifurahi njia nzima. Nilipofika nyumbani ndipo nikayafikiria yale maneno vizuri.

Kocha ni mtoto wa hapahapa, baba yake alikuwa akipasua mbao. Aliichezea timu hii mpaka goti la kushoto likakataa, kisha akaifundisha mpaka la kulia nalo likamuunga mkono mwenzake. Vijana aliowalea wengi wao sasa ni walimu, mmoja ni daktari wa meno, na wote hawapati shati linalofunga kifungo cha juu. Kila Jumapili jioni huwapigia simu mama za vijana walioko timuni, mmoja baada ya mwingine, huku akila karanga za kuchemsha. Mama mmoja wa huko mlimani aliwahi kuniambia kuwa amemjua Kocha kwa miaka minne na bado hajui sauti yake inakuwaje mdomo ukiwa mtupu.

Lakini kazi yake ninayoijua mimi ni ya Januari. Makocha wasaidizi hawadumu katika chuo kidogo kama chetu. Wakishinda wanachukuliwa na vyuo vikubwa, wakishindwa wanafukuzwa, kwa hiyo kila mwaka mpya kuna wageni wenye tai kwenye viti vya korido wakisubiri usaili. Kocha Mkuu huwapeleka kwenye ubao, wachore viduara na misalaba na mishale. Wengi huchora vizuri sana. Kocha Gaskin huwangoja watoke, kisha huniita niache deki.

"Huyu ni Bi Dessa," humwambia mgeni. "Mfundishe kumsukuma mtu. Una muda wa kikombe kimoja cha kahawa."

Kisha Kocha mwenyewe hushika kile kigodoro cha mazoezi mbele ya kifua na kusimama katikati ya korido kama kabati. Mgeni akimaliza somo lake, mimi namsukuma Kocha. Akirudi nyuma hata hatua moja, mgeni anajua kufundisha. Asiporudi, mgeni anapewa chai ya barafu na kuoneshwa njia ya barabara kuu.

Mwaka wa kwanza niliamini nimewekwa kwenye kamati ya ajira kwa sababu ya jicho langu kali. Nilimwambia mama, mama akaiambia kwaya, na mchungaji akanishukuru mbele ya watu kwa hekima ninayokitumikia nayo chuo. Sekondari sikumaliza, kwa hiyo nilipokea shukrani zile nikiwa nimesimama. Wiki hiyohiyo nikamsikia Kocha akimweleza Trask kupitia mlango uliokuwa wazi: "Namtumia Dessa kwa sababu hajui kushoto wala kulia. Mtu akimwelewesha Dessa, ataweza kumwelewesha mtoto aliyeshuka mlimani jana."

Nilijiona mdogo kuliko ndoo niliyoishika. Kocha akatoka, akanikuta.

"Umesikia, binti?"

"Nimesikia."

"Vizuri. Sasa nakuomba, usije ukaerevuka kabla sijastaafu."

Akanigawia karanga zake, akakaa juu ya ndoo yangu iliyogeuzwa, akanisimulia mwaka wake wa kwanza. Yeye naye aliajiriwa kwa sababu ya ubao. Alichora mishale mizuri mpaka kocha mkuu wa wakati huo akaomba ubao usifutwe. Mechi ya kwanza, vijana wake watano wakaenda kushoto na mpira ukaenda kulia, na mrushaji akavunjika mfupa wa bega. "Kila mmoja aliniambia ameelewa, binti. Walikuwa wananionea haya." Tangu siku hiyo hakumwamini tena mtu anayetikisa kichwa kukubali. Alitaka kusukumwa.

Miaka miwili iliyopita magoti yalipozidi, mkewe, Bi Norma, alinunua karavani, ile nyumba ya magurudumu, ili wazunguke nchi. Kocha akasema ataondoka akipata wa kumwachia vijana wake. Karavani likakaa uani. Majani yakaota kwenye magurudumu, paka wa jirani akazalia ndani. Mwezi wa kwanza mwaka huu Bi Norma alikuja jengoni na sahani ya mikate midogo ya moto na mchuzi, akaniwekea mbele yangu, akaniangalia nikila.

"Dessa, mwanangu, wewe jambo gani hasa hulielewi?"

"Sijui, Bi Norma. Ningelijua ningelielewa."

"Basi jitahidi. Mimi mwezi wa sita naondoka na lile gari, akiwemo asiwemo."

Kwa hiyo nafasi iliyokuwa ikitafutiwa mtu Januari hii ilikuwa ya Kocha mwenyewe, na kizuizi kilikuwa mimi. Nilitamani hata kudanganya, nimuonee huruma yeye na magoti yake, ila kigodoro hakidanganyiki. Nilikuwa nimeshamsukuma Kocha mbele ya wageni wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuwahi kusogea hata upana wa kiatu, nafasi zikawa zinabaki wazi na kazi yake akiibeba Kocha mwenyewe.

Alikuja kwanza Bwana Vickery, kutoka chuo kinachoonyeshwa kwenye televisheni. Trask alimpenda mpaka akamfungulia mlango mwenyewe. Pale korido Bwana Vickery alinieleza pembe ya nyonga, uzito wa mwili na mkono wa ndani. Nilitikisa kichwa. Aliponiambia nianze, nilijikuta nimeegemea mashine ya soda.

Trask alikasirika. "Wendell, mtu kama huyu unamkataa kwa ajili ya mfagiaji?"

"Sijamkataa mimi. Dessa ndiye anayesukuma soda."

"Nakupa mmoja tu zaidi. Akishindwa, namwajiri Vickery, na wewe uende nyumbani au ubaki, shauri yako."

Siku ile Kocha hakula karanga. Alikaa dirishani akiwaangalia vijana wake wakipita kwenda bwenini, wale wakubwa wenye mifuko midogo ya vitabu, na mimi nikadeki sehemu moja mara nyingi bila sababu.

Huyo mmoja alikuwa Isom Tuttle, kutoka shule ya sekondari ya wilaya ya pili. Mkubwa kama mlango, na tai ya kuazima iliyoishia kwenye mbavu. Kwenye ubao alichora vibaya, Trask mwenyewe alisema viduara vyake vilifanana na viazi. Akaletwa kwangu. Opal alikuwa ananivuta sketi kwa sababu siku hiyo hakukuwa na wa kumwachia.

Tuttle hakunieleza kitu. Alikaa sakafuni na ile suti yake, akaniuliza, "Bi Dessa, nyumbani unasukuma nini kizito?"

"Friji. Huyu mtoto anatupa nafaka zake za asubuhi huko nyuma ya friji."

"Unalisukumaje?"

"Nalisukuma tu."

"Nioneshe. Kocha Gaskin ni friji."

Nikaona haya, ila hayo ya friji nayajua. Friji huwezi kulisukuma umesimama, litakucheka. Nikainama, nikatafuta kwa kiganja pale chini panaposhikika, nikaliweka bega, nikaanza kwa hatua ndogondogo. Sikufikiria kushoto wala kulia. Nilifikiria nafaka. Nilisikia tu mtu anaguna, halafu kishindo, na nilipoinua kichwa Kocha alikuwa amekaa chini akiegemea kabati la vikombe vya ubingwa, miguu mbele, kigodoro mapajani, na kikombe cha mwaka wa zamani kikizunguka sakafuni.

Trask alitoka mbio ofisini. "Wendell, umeumia?"

Kocha alinyoosha mkono akakizuia kikombe. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na sidhani yalikuwa ya mgongo. "Mwajiri huyu kijana," alisema. "Halafu mpigie Norma, mwambie atie upepo magurudumu."

Kijana Tuttle ameshafanya mazoezi na safu yetu majira haya ya kuchipua, na wale watano sasa wanaitana friji. Mimi sijawa mjanja, msiogope. Juzi nilitafuta miwani ya mama nikiwa nimeivaa. Ila Januari ile nilirudi nyumbani nikajiandikisha masomo ya jioni ya kumalizia sekondari. Nilijiambia, kama mtu alingoja miaka mitano ili mimi nielewe jambo moja, labda siyo mimi niliyekuwa mzito. Labda nilikuwa nafundishwa kwa ubao.

Kocha, sisi wa jengo la mpira tunakushukuru kwa simu za Jumapili, kwa karanga, na kwa kutomwamini mtu anayetikisa kichwa. Tunawatakia wewe na Bi Norma barabara zilizonyooka, magoti yenye adabu, na paka atakayekubali kushuka. Nilitaka kumalizia na neno langu mimi mwenyewe, ambalo nimelibeba tangu siku ile ya ndoo, ila wewe mwenyewe unaniita kutoka korido. "Dessa, acha kuandika uongo, njoo. Kuna kijana amekuja kwa nafasi ya kufundisha wakimbiaji. Mlete na Opal, wewe umeshaharibika, unaelewa." Basi neno lenyewe, Kocha, ni kwamba siku ile uliponiomba nisierevuke, mimi nili... Nakuja, Kocha, nakuja!