Kufuata Mkanda Mpaka Ulipokwama

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wa rika langu, poleni na jua, asanteni kwa kufika. Kabla sijasema lolote nina ombi. Nikinyamaza katikati ya maneno, msinisaidie. Msinitajie neno. Najua mnanipenda, na najua yule mama wa pale dirishani ana mdomo mwepesi, lakini leo naomba aufunge. Nikikwama nitajikwamua mwenyewe mbele yenu, maana hicho ndicho nilichokuja kushuhudia.

Wengi tulio humu tuliumia kichwa, na waliobaki mnatuuguza, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Nilikoroga masufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake, mkono mmoja unaonja, mwingine unatoa amri, na jikoni kwangu hakuna aliyenibishia. Ikaja siku ya mvua, pikipiki niliyopanda ikateleza kwenye tope la kushuka kutoka Akheri, nikaangukia kichwa. Hospitali walinishona vizuri. Nikarudi nyumbani hapa Njiro natembea, naongea, nacheka, na kila aliyekuja kunipa pole akasema Mungu ni mkubwa.

Kumbe kitu kimoja hakikurudi, nacho ni mpangilio. Nilijua maji, nilijua majani, nilijua sukari, lakini kipi kinatangulia na mimi nimeshafika wapi, hapo palikuwa peupe. Nilikuwa nakunywa maji ya moto yenye sukari huku nashangaa mbona chai leo haina rangi. Chekeni tu, hata mimi leo nacheka. Wakati ule sikucheka, nilificha. Mume wangu anaendesha gari la watalii, akipanda nao mbugani, Momela na kwingineko, anaweza kukaa huko siku kadhaa, na kila akipiga simu nilimwambia niko salama kabisa. Niliona haya. Mpishi mzima kushindwa chai, unaanzaje kumwambia mtu?

Ndugu zangu, nawaambia, kuficha kulitaka kuniulia mtoto.

Asubuhi moja nilifungua gesi nipike uji wa binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Nikaona kiberiti hakipo. Nikaenda kukitafuta, njiani nikakuta beseni la nguo mbichi, nikalibeba nje. Nilianika zile nguo zote, nikabana na vibanio moja moja, huku gesi inatoka na mwanangu amelala chumba cha pili. Halafu nikakumbuka uji. Nikarudi jikoni na kiberiti, njiti nimeshaitoa. Harufu naisikia kabisa, naijua ni ya gesi, ila kichwa hakiniambii harufu hiyo inataka nini kwangu. Jirani yangu alikuwa ameingia kuomba chumvi. Alinirukia, akanikamata mkono mpaka kucha zake zikaingia kwenye nyama, akapiga kelele, "Dada, usiwashe! Usiwashe!"

Alama za zile kucha zilikaa siku nyingi.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Akheri siku ileile. Si mtu wa makelele yule mama. Alifungua madirisha yote, akamwogesha mjukuu wake, akamfunga mgongoni, ndipo akasema, "Mwanangu, sikulaumu. Lakini huyu naondoka naye." Nikamwuliza mpaka lini. Akasema, "Siku utakayonipikia loshoro mimi nimekaa kwenye kiti, nisiingie jikoni hata mara moja, siku hiyo atarudi."

Kwa ninyi wageni wa huku, loshoro ni mahindi yaliyokobolewa na ndizi, vinapondwa pamoja, kisha vinachanganywa na mtindi. Mimi kwetu ni Kondoa, na yeye ndiye aliyenifundisha kukipika nilipoolewa. Hakukichagua hivihivi chakula kile. Mahindi yanachemka kwanza, muda mrefu, ndizi zinafuata, halafu unaponda, halafu unaacha kipoe, na mtindi ndio wa mwisho. Ukiutia chakula kingali cha moto, maziwa yanakatika na kazi yote imeharibika. Ni chakula cha mpangilio mwanzo mpaka mwisho, na mimi mpangilio ndio sikuwa nao.

Nikabaki na nyumba iliyonyamaza. Nesi mmoja alinishauri nibandike hatua za kupika ukutani. Nikabandika. Lakini karatasi inakusaidia kama unajua umefika wapi, na mimi nilikuwa nasimama mbele yake kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. Niliharibu mahindi, nikaunguza ndizi, nikalia, nikaanza upya, nikaharibu tena. Mwishoni niliacha kuwasha jiko. Nikaanza kuzoea kumwona mwanangu Jumapili kwa Jumapili kama shangazi anayekuja kusalimia.

Aliyenichokonoa ni wifi yangu, na mawifi mnawajua. Huyu anapiga chapa na kutoa kopi karibu na stendi, na wateja wakipungua anacheza gemu kwenye kompyuta. Alinikuta nimejikunyata, akaweka kompyuta mezani, akasema, "Wifi, kulia umeshalia vya kutosha. Hebu njoo uone kichwa chako kilivyo."

Lilikuwa gemu la vitofali. Halina adui, halina risasi, hakuna anayekufa. Vitofali vinatoka upande mmoja, vinapita kwenye mikanda inayotembea, na wewe unapanga mashine njiani. Hii inakata, ile inageuza, hii inapaka rangi, ile inagandisha viwili vikawa kimoja. Mwisho wa mkanda kuna tundu linalodai umbo moja tu, na ukileta jingine halipokei. Ukishapanga, kiwanda kinajiendesha, wewe kazi yako ni kutazama. Wifi aliniambia halikutengenezwa na kampuni kubwa, ni la mtu mmoja tu aliyejifungia nyumbani kwake huko alikokuwa.

Basi nikapanga. Kitofali kimoja kikaenda kichwa chini, kikaziba tundu, vilivyofuata vikarundikana mpaka mkanda wote ukasimama. Nikaona aibu ileile ya jikoni. Nikafuta kila kitu nianze upya. Wifi akanipiga kibao mkononi. "Mbona unabomoa?" Nikamwambia nimekosea. Akasema, "Umekosea mahali pamoja, unavunja kiwanda kizima cha nini?" Akabonyeza kitufe, mikanda yote ikasimama palepale, kila kitofali mahali kilipokuwa. "Kwanza simamisha," akasema. "Sasa weka kidole hapa palipoziba. Nyuma yake kuna nini? Na nyuma ya hiyo?" Nikafuata mkanda kwa kidole kurudi nyuma, mashine hadi mashine, mpaka nikaikuta ile ya kugeuza nimeitanguliza kabla ya ile ya kukata. Nikazibadilisha. Vitofali vikaanza kutembea, vikaingia kwenye tundu kimoja kimoja. Nililia, na safari hiyo kilikuwa kilio kingine.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani gemu ni dawa. Sijui kichwani kwangu kilitokea nini, na hata daktari hakuniambia. Ninachojua ni kwamba sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu akipotea anaweza kusimamisha kila kitu, akaangalia vilivyo mbele yake, akajua alikopita. Niliporudi jikoni nilirudi na kidole. Nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti, "Simamisha. Nyuma yake kuna nini?" Jirani yangu wa chumvi alidhani nimezidiwa. Nilipoona napika bila kuharibu, na nikiharibu najua nilipoharibia, nikamwambia mume wangu ampigie mama yake simu.

Alikuja mchana, amemshika binti yangu mkono, na begani ana mfuko mkubwa, nikadhani ni ndizi za shambani kwake. Nilichuchumaa nimpokee mwanangu, naye akajificha kwenye khanga ya bibi yake. Alinichungulia tu. Jamani, hilo liliniuma kuliko tope la Akheri. Nikainuka, nikatabasamu, nikamwambia, "Mama, karibu kiti." Akakaa. Mume wangu na wifi nao wakakaa.

Mahindi nilikuwa nayo kwenye mkaa tangu asubuhi. Ndizi nikaziweka kwenye gesi. Kila kitu kinakwenda, nasikia hata mikono yangu ya zamani inanirudia. Mahindi yakaiva, ndizi zikaiva, nikavikusanya kwenye sufuria moja kubwa juu ya gesi. Mara geti likagongwa, hodi hodi, mtu anauliza nyumba ya jirani. Nikatoka kumwelekeza. Na ninyi mnaojua mnajua, kinachotuangusha sisi ni hodi. Nilipogeuka kurudi, binti yangu

Ngojeni.

Nimekwama. Hapana, msiniambie. Mama wa dirishani, nakuona. Tulieni.

Nasimamisha. Mama mkwe amekaa kwenye kiti, hilo nimeshawaambia. Mahindi yameiva, nimewaambia. Sufuria moja kubwa. Geti, nimetoka, nimemwelekeza yule mtu. Jikoni bado sijaingia. Haya, niko mlangoni, ndiyo naingia jikoni.

Naingia jikoni, binti yangu amesimama mbele ya jiko kwa vidole vya miguu, mkono wake mdogo umeshika mpini wa ile sufuria. Moto wa gesi unawaka chini yake. Na mimi sijui niko wapi. Sijui kama nilikuwa naongeza moto au napunguza, sijui kama nimeponda, sijui chochote. Nikasikia kiti cha sebuleni kinalia, mama mkwe anainuka. Nilielewa kwamba akiingia tu humu, nimempoteza mwanangu.

Nikasimamisha. Mkono wa kwanza ulizima gesi, wa pili ukautoa ule mkono mdogo kwenye mpini. Nikambeba, akapiga kelele akinisukuma kifuani, nikatoka naye mpaka sebuleni nikampakatisha bibi yake. Hapo ningeweza kusema hakuna neno, chakula kinakuja sasa hivi. Maneno hayo nilikuwa nimeyazoea. Nikasema, "Mama, nimepotea. Sijui nilifika wapi. Nipe muda nirudi nyuma."

Akakaa tena na mjukuu wake. Wifi aliangalia chini. Nikarudi jikoni nimeshakata tamaa, lakini nikaweka kidole. Mwisho wa loshoro ni mtindi. Nikaangalia chombo cha mtindi, kimejaa, sijautia. Nyuma ya mtindi ni kupoa. Nikagusa sufuria, ya moto, haijapoa. Nyuma ya kupoa ni kuponda. Nikautazama mwiko, mkavu kabisa, unaning'inia ukutani. Basi bado sijaponda! Niko hapo! Nikautungua mwiko nikaponda kwa nguvu zangu zote, jasho na machozi vyote vinanitoka. Nikakiacha kipoe, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kuponda. Ndipo nikatia mtindi.

Mama mkwe alikula. Akaongeza. Akanawa mikono, akaifuta polepole, mimi nimesimama kama mshtakiwa. Ndipo akasema, "Ungejifanya unajua, ningeondoka naye leo. Yule aliyejifanya ndiye niliyekuwa namwogopa." Akajifunga khanga yake, akaaga, akatoka. Ule mfuko ameuacha kwenye kiti. Nikamkimbilia, "Mama, umesahau ndizi zako!" Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Nilipoufungua, nilikuta nguo za mwanangu zote, zimefuliwa na kukunjwa. Alikuwa amekuja nazo tangu kwake. Kumbe na yeye siku ile alikuwa anatamani nishinde.

Binti yangu alilia usiku ule akimtaka bibi yake, sitawadanganya. Alinizoea taratibu. Sasa akinikuta nimeganda jikoni, anakaa chini pembeni, anasubiri.

Namshukuru jirani yangu kwa zile kucha. Namshukuru wifi yangu na kibao chake, na mume wangu ambaye siku ile alikaa akaniacha nipambane. Mama mkwe wangu sina neno linalomtosha. Na yule aliyetengeneza vitofali simjui, wala hajui kama kuna watu Njiro, lakini Mungu ampe heri huko alipo. Ninyi wenzangu mliopotea, semeni kwamba mmepotea, mapema, kabla gesi haijajaa. Na ninyi mnaotuuguza, mnapotukatisha mnatubomolea kiwanda. Tupeni muda wa kurudi nyuma wenyewe.

Kuna kaka yetu pale nyuma amekuja leo kwa mara ya kwanza. Tulipojitambulisha alianza jina lake akakwama, na mke wake, kwa mapenzi tu, akalimalizia. Kaka, mimi nimemaliza zamu yangu. Dada, nakuomba usimsaidie. Simama, kaka, utuambie jina lako. Sisi tumekaa kwenye viti, hatuinuki.