Mwenzake Alikuwa Akimziba

Hebu niambie wewe unayesoma: ukimtoa mtu kazini na kazi isilale, ndiyo kusema hakuwa na kazi? Jana asubuhi nilikaa na swali hilo kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Saa, barua ya kuachishwa mkononi. Fundi alikuwepo, lenzi jichoni, na Spana, makanika mwenye majibu mengi kuliko magari. Digrii yangu ya baiolojia mama ameitia fremu sebuleni. Mimi niko hapa, nanywa kahawa.

— Isome tena, akasema Spana.

— We regret, ndivyo inavyoanza. Eti nilipokuwa likizo wiki mbili nzi hawakufa, kwa hiyo nafasi yangu ni ya ziada.

— Msomi mzima, kulisha nzi.

— Nzi wa matunda, kaka. Tunasomea jeni. Na Mkuu wa Maabara aliyesaini hii ndiye aliyenifundisha: kuna jeni mbili ndugu, zilitokana na moja iliyojinakili zamani. Zima moja, mshipa wa pili wa ubawa unatoka kama kawaida. Zima zote mbili, mshipa hakuna.

— Basi ya pili ni spea.

— Spea wapi? Mwenzake anamziba. Halafu kwenye kiinitete, tumbo linapogawanywa pingili, moja tu ndiyo inayoweza. Hiyo ukiizima, buu haanguliwi.

— Hao ni wake wenza, akasema Fundi Saa. Jikoni wanapokezana, lakini kuna sufuria ambayo mwenzio haigusi.

— Mzee, hiyo ni njama, akasema Spana. Wanazibana makusudi, mwajiri asijue nani kafanya nini. Hao nzi wana chama cha wafanyakazi.

— Basi wamemzidi huyu msomi wetu.

Nilikuwa natafuta tusi la kisayansi la kumjibu alipofika dada tuliyekuwa tukifanya naye kazi maabara, koti jeupe halifungi tena tumboni. Fundi akampisha.

— Mdogo wangu, akaniambia, kulisha tulikuwa tunapokezana, hilo naliweza. Lakini kutenga majike alfajiri, kabla hayajapandwa, huo ulikuwa mkono wako. Zile wiki mbili nililala sakafuni mle maabara ili niwahi kuyatenga, nikanyamaza.

— Ungemwambia Mkuu.

— Aliona chupa zimejaa nzi wazima, akafurahi. Sasa najifungua mwezi ujao. Nani ataniziba mimi?

Spana akachungulia kikombe chake. Fundi akarudisha lenzi jichoni, ilhali mezani hapakuwa na saa. Nami, msomi wa jeni ndugu, nikaigeuza ile barua nikaanza kuandika jibu nyuma yake.

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara, jibu limo kwenye somo lako mwenyewe. Nirudishe kazini mwezi huu, huyu dada apate likizo yake. Kama huwezi, njoo utenge majike mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri, sharp.