Shangazi Komeo na "Sawa" ya Uongo

Jamani, hivi kweli anaondoka? Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Shangazi Komeo, mhandisi wetu wa programu, anastaafu. Tangazo lilipobandikwa mlangoni mhasibu alidhani ni utani, na mimi bado nimepigwa na butwaa.

Alianza hapa akitengeneza kompyuta mbovu, na ulimi wake haukujua kubembeleza mtu. Baadaye alikabidhiwa kiigizaji, yaani programu inayojifanya kichakataji, ile chipu inayoendesha mashine, ambayo tunajaribia kazi zetu kabla ya kuzipeleka kwenye chipu halisi. Aliyegusa kiti chake alikiona cha moto.

Siku aliyopata jina lake sitaisahau. Tulikuwa tunamalizia programu ya mashine ya kuwasaidia kupumua watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Majaribio yote yalifaulu, mkuu wa kitengo akaziahidi hospitali, sisi tukapiga vigelegele. Shangazi alinuna. Alikuwa amegundua kwamba kila programu ilipotoa amri ya kufunga sehemu ya kumbukumbu, ili kitu kisiandikwe humo, kiigizaji chetu kilijibu "sawa" na hakikufunga chochote. Sawa ileile unayomjibu mkeo akikwambia uzime simu! Miaka yote hiyo tulikuwa tunalindwa na hewa.

Akakirekebisha, amri ikafunga kwelikweli. Kesho yake tukakuta majaribio yote yamefeli. Lahaula! Mkuu alimjia juu, akamtaka arudishe kiigizaji cha zamani au atafute kazi kwingine. Shangazi alisema yuko tayari kufungasha virago, ila kwanza programu ijaribiwe kwenye chipu halisi.

Chipu ikaletwa. Mashine ikawaka, ikapuliza mara tatu, ikazima. Mkuu alikaa sakafuni, na suti yake. Kumbe sehemu ya programu inayoonyesha saa ilikuwa inaandika ndani ya sehemu iliyofungwa, ikifuta kipimo cha hewa. Kiigizaji cha zamani kiliiachia tu, chipu haikuvumilia. Tuliahirisha kila kitu, tukasahihisha kosa, ndipo mashine zikaenda wodini, na huyu aliyefunga kwelikweli tukamwita Komeo.

Asante, Shangazi. Wapo watoto wanaopigiana kelele shuleni leo, wala hawajui kwamba upo. Kwa niaba yao, nasi tulioduwaa, uishi miaka mingi yenye afya na furaha.