Maisha ya Tan Sula na Unga Wake wa Fadang

Padri wetu, jamaa wa Umatak, jamaa wa Merizo mliovuka kilima kuja kutusitiri, na ninyi mliotoka kaskazini ya kisiwa mkaacha kazi zenu siku ya Jumatano, mimi naitwa Silverio Tainatongo, mkwe wa marehemu, mume wa binti yake Rufina, na familia imenipa karatasi hii kwa sababu wengine wote wamesema watashindwa kwa kilio, nami nimewaahidi kwamba nitajikaza mpaka nimalize.

Marehemu Ursula Topasna Taijeron, ambaye sote tulimwita Tan Sula kwa heshima ya umri wake, alizaliwa hapa Umatak tarehe 21 Oktoba 1931, siku ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Pascual na Bibi Ramona, mdogo wa kaka yake Lino, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kanisa, ile iliyochukuliwa na kimbunga baadaye. Alianza shule mwaka 1938, akawa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza, na masomo yake yalikatika tarehe 8 Desemba 1941, asubuhi ya sikukuu ya Bikira Maria, akiwa kwenye maandamano na gauni jeupe, mabomu yalipoanza kuanguka kule Sumay na watu wakakimbilia porini na mishumaa yao mikononi.

Miaka ya vita iliyofuata ndiyo iliyomfundisha kazi iliyompa jina. Mchele ulichukuliwa na askari wa Kijapani, na familia zikarudi kwenye fadang, zile mbegu za porini ambazo kila mtu hapa anajua ni sumu zikiliwa hivi hivi, kuku akinywa maji yake ya kwanza hafiki jioni. Mbegu zinapasuliwa, zinalowekwa kwenye beseni, maji yanamwagwa na kubadilishwa siku baada ya siku, kisha zinaanikwa, zinasagwa, na unga unakuwa mweupe, wenye harufu ambayo aliyekua nayo haisahau maisha yake yote. Mama yangu mkwe alikuwa akisema kwamba njaa ile hakuitamani tena, lakini mikate ile myembamba juu ya bati la moto, na mama yake akiigeuza kwa vidole bila kuungua, hiyo aliitamani kila siku ya Mungu.

Tarehe 9 Mei 1953 alifunga ndoa katika kanisa hili na Eulogio Taijeron, fundi seremala wa bandari ya jeshi, mtu wa vichekesho, wakajaliwa watoto wanne, Vicenta mwaka 1954, Rufina wangu mwaka 1956, Gregorio mwaka 1959 na Tomasa tarehe 17 Novemba 1963. Mwaka uliotangulia kuzaliwa kwa Tomasa, kimbunga Karen kiling'oa kila kitu kisiwani, na Tan Sula akatoa beseni lake akalisha nusu ya kijiji kwa fadang hadi meli za chakula zilipofika, na wazee waliopo hapa leo wanajua ninachosema, maana ninawaona wanatikisa vichwa na pengine wanameza mate. Kuanzia mwaka 1960 alikuwa mpishi wa shule ya kijiji, na mtoto aliyedai kuongezwa wali mwekundu aliongezwa kwanza, akagombezwa baadaye.

Ndugu zangu, ugonjwa nao ulikuwemo humu humu, hatuwezi kuuruka. Kaka yake Lino alishikwa na lytico, ule ugonjwa wetu wa kupooza viungo kidogo kidogo, akaanza kuangusha nyundo, akashindwa kutembea, kisha kumeza, akafariki tarehe 30 Januari 1957 akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, akili yake ikiwa timamu mpaka mwisho. Mume wake alianza kulegea mkono mwaka 1967, akafariki tarehe 3 Agosti 1971 akiwa na miaka arobaini na minne. Madaktari walikuja kutoka Marekani wakachukua damu, nywele, maji ya kisima, udongo wa shambani, wakauliza tulikula nini na babu zetu walikula nini, wakauliza kama tunapika popo kwa tui na kama tunamla na ngozi yake, na Eulogio, akiwa ameshaanza kubebwa, akawajibu, "Andikeni kwamba popo nakula, fadang nakula, na kelele za mke wangu nazila kila siku, sasa chagueni kilichoniua." Alicheka peke yake, kisha akaomba radhi kwa mkewe.

Kila daktari aliondoka na jibu lake, mmoja akisema ni mbegu, mwingine popo, mwingine maji yetu yana madini mengi ya aina moja na machache ya aina nyingine, mwingine akisema ni damu, inarithiwa. Neno hilo la damu ndilo lililobaki vijijini. Vijana wa Umatak walianza kukataliwa wachumba, na waliooa au kuolewa waliogopa kuzaa, na mnajua wenyewe mabinti waliozeeka katika nyumba za wazazi wao wakiwa wazuri kuliko wote.

Ndipo tarehe 11 Juni 1978, Jumapili mchana, wazee wangu walipokuja kuposa, nami nikiwa nje kwenye ngazi kama desturi inavyotaka, nikisikia kila neno. Mama yangu Joaquina, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu, alikunywa kahawa yake akasema, "Ursula, dada yangu, binti yako sina neno naye, ana adabu na anafanya kazi, ila nyumba hii imezika wawili. Mimi nina mtoto wa kiume mmoja. Nitawapokeaje wajukuu nikihesabu vidole vyao kila asubuhi?" Rufina aliinuka akaenda chumbani. Tan Sula hakumfuata, alikwenda jikoni akarudi na beseni la kulowekea, akaliweka mezani katikati ya vikombe.

"Joaquina, unatafuta ugonjwa kwenye damu, haumo," akasema. "Umepita humu. Wakati wa vita njaa ilinizidi, nikazitoa mbegu kabla hazijaiva kwenye maji, nikamlisha Lino. Eulogio nimemlisha miaka yote. Niliyewaua ni mimi, kwa unga wangu. Watoto wangu wamekula wali na mkate wa dukani, damu yao ni safi kama ya mwanao. Kama una hasira nipe mimi, binti yangu mwache."

Mama yangu alilitazama beseni lile, akasema, "Basi, tupange siku," na mimi na Rufina tukafunga ndoa tarehe 2 Septemba mwaka huo huo. Baada yetu vijana wengine watatu wa kijiji hiki wakaposa na kukubaliwa, kwa sababu habari ilivuka kilima kwamba si damu, ni unga wa Tan Sula.

Lakini maneno yale yalikuwa na gharama, na aliyelipa ni yeye. Kwenye rozari za misiba, sahani aliyoileta yeye ilirudi nyumbani imejaa, imefunikwa vile vile alivyoifunika. Baadhi ya wazazi waliomba aondolewe jiko la shule, akapewa ufagio, na akafagia madarasa hadi alipostaafu mwezi Mei 1991, akiwasalimia wale wale aliowahi kuwapakulia. Mtu mmoja, simtaji, alimwambia kanisani, "Shikamoo muuaji," watu wakacheka, naye akaitikia salamu. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma. Hakupika tena fadang, ingawa wakati wa kiangazi nilimkuta amesimama karibu na mti wake nyuma ya nyumba, ananusa mbegu zilizoanguka, kisha anazisukuma kwa mguu.

Mwezi Aprili 2006 mkono wake wa kushoto ulianza kumkataa, na kwa miaka mitatu tukauona ugonjwa ule ule ukimpanda polepole. Daktari kijana aliyekuja kumwona nyumbani alimwambia bila kuficha kwamba baada ya miaka yote hii hawajui, huenda ni mbegu, huenda ni popo, maji, damu, huenda ni vyote pamoja, ila kwamba waliozaliwa baada ya vita hawaugui tena kama zamani, na ugonjwa unaondoka kisiwani bila kuaga. Mwezi mmoja baadaye, nikimlisha uji barazani, akaniambia kwa sauti iliyokuwa imeshakuwa nyembamba, "Silverio, Lino hakuwahi kumeza fadang. Alikuwa anasema inanuka soksi. Sehemu yake alimpa nguruwe, mama akamchapa, naye akampa nguruwe tena. Yeye alikula viazi vya porini tu."

Nikamuuliza, "Na zile mbegu ulizotoa mapema?"

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nani angenipa beseni? Mama ndiye aliyeloweka, na mama hakukosea. Mimi nilichota maji."

Nikamwambia, "Sasa Mama, kwa nini ulisema vile?"

Akanijibu, "Mama yako alitaka jibu. Madaktari hawakuwa nalo. Mimi nilikuwa na beseni." Kisha akaniagiza nisimwambie mtu, hata Rufina, mpaka mtoto wa mwisho apite umri aliofia baba yao, ili pasiwepo wa kuogopa. Tomasa alitimiza miaka arobaini na mitano Novemba iliyopita. Rufina, mke wangu, nisamehe kwamba unasikia pamoja na watu wote, ndivyo alivyotaka yeye.

Tan Sula alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 14 Machi 2009, akiwa na miaka sabini na saba, ameacha watoto wanne wenye afya, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na zaidi yule aliyekuwa na ujasiri wa kusema hajui, inawashukuru majirani waliomgeuza kitandani na kumwogesha, walimu na wafanyakazi wa shule aliofanya nao kazi, na Padri aliyemletea komunyo kila Ijumaa.

Na ninyi wengine, sikuja kumgombeza mtu mbele ya jeneza. Ila wale vijana watatu walioposa na kukubaliwa baada yetu wamekaa humu kanisani na watoto wao na wajukuu wao, ninawaona kutoka hapa, na nawaomba wasimame.

Mama, tazama. Hukumu uliyojitwika kwa ajili yao tunakutua leo, mbele ya wale wale waliokutwika. Pumzika sasa.