Dympna McAleer na Jina Lililokatwa kwa Wino

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Dympna McAleer anastaafu baada ya kuitumikia nyumba ya Ardkeeragh kwa miaka arobaini na miwili. Aliingia kwa mlango wa jikoni Mei 1982, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, kuja kupika kwa msimu mmoja tu wa kiangazi.

Wakati huo nyumba ilikuwa na vyumba thelathini na tisa na mkazi mmoja, Lord Hector Carrondale. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikula peke yake kwenye meza ya watu ishirini, na Dympna alizoea kusema kwamba umbali kutoka jikoni hadi kwenye sahani ya bwana ulitosha kupoza viazi.

Mwaka 1994 mzee aliyekuwa akitunza nyaraka alifariki, na kazi hiyo akapewa Dympna kwa sababu, kwa maneno ya Lord Hector, ndiye pekee aliyebaki mwenye mwandiko unaosomeka. Ndani ya kasha moja alikikuta kitabu cha ukoo. Kinaanza na Hugh Carrondale, aliyevuka bahari kutoka Ayrshire, Uskochi, mwaka 1612, akapewa ardhi yetu hapa Tyrone, kaskazini mwa Ireland, kwa barua ya mfalme. Vizazi kumi na viwili vimo, kila mtoto na siku yake ya kuzaliwa. Ila kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya jina la Hector, palikuwa na jina lililokatwa kwa mstari wa wino.

Dympna akamuuliza bwana wake.

“Hapo palimwagika wino,” akajibu Lord Hector.

“Wino haumwagiki kwa mstari ulionyooka, bwana.”

Bwana akakifunga kitabu.

Wazee wa kijijini ndio waliomweleza. Jina lile lilikuwa la Grizel, mdogo wake Hector. Mwaka 1958 aliolewa na seremala Mkatoliki, Eunan Kielty, na baba yao, Mprotestanti mkali, akamfukuza siku ileile. Hector alikuwa amesimama ukumbini. Hakusema neno.

Dympna alimtafuta kwa miaka kumi na moja, bila kutumwa na mtu. Aliandika barua kwa parokia, kwa vyama vya maseremala, hata kwa msimamizi wa makaburi ya Glasgow. Hatimaye, mwaka 2005, alipata namba ya simu ya mjane mmoja wa Girvan, mji wa pwani kulekule Ayrshire alikotoka Hugh. Akapiga simu saa ya chakula cha mchana, kutoka posta.

“Nakupigia kutoka Ardkeeragh, mama.”



“Baba amekutuma?”

“Baba yako alifariki mwaka sabini na moja.”

“Sikuambiwa.” Kisha, polepole, “Na Hector?”

“Yupo. Anakula peke yake.”

“Hata mimi,” akasema Grizel.

Alipomweleza Lord Hector, mzee aliiva uso kwa hasira. “Nani alikuruhusu? Naweza kukufukuza leo hii!”

“Unaweza, bwana. Lakini fikiria kwanza nani atakuchemshia viazi.”

Bi Grizel alikuja Jumapili moja ya Septemba. Alikataa kabisa mlango wa mbele, akaingia kwa mlango wa jikoni. Mimi, mtunza bustani, nilikuwa hapo nimeleta vitunguu, nikakosa pa kupita. Lord Hector alishuka ngazi za watumishi, ambazo sikuwahi kumwona akizishuka. Wakatazamana, wazee wawili wenye pua zilizofanana.

“Umezeeka, Hector.”

“Na wewe umechelewa chai.”

“Kwa miaka arobaini na saba,” akasema dada yake, na akavuta kiti.

Walikula mkate wa magadi na siagi. Baadaye Lord Hector akaomba kitabu. Akaandika upya jina la Grizel na la Eunan, na wala hakujaribu kuuficha ule mstari wa zamani. “Nilisimama tu pale ukumbini,” akamwambia. “Najua,” akajibu. “Nilikuwa nakutazama wewe, si baba.”

Bi Grizel alikuja kila mwaka kwa miaka sita, mpaka mauti yalipomchukua. Hakuacha mtoto. Lord Hector alimfuata Februari 2016, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dympna. Dympna aliandika barua Kanada na Nyuzilandi kutafuta mrithi wa kiume; aliyejibu ni mmoja, naye alikuwa Carrondale wa ukoo mwingine kabisa. Basi cheo cha Lord kikafa, na tarehe ya mwisho kitabuni aliiandika Dympna, mpishi.

Nyumba ilipochukuliwa na taasisi ya kuhifadhi majumba ya kale, yeye ndiye aliyewatembeza wageni. Mgeni akiuliza kama ni mtu wa familia hii, hujibu, “Mimi ni wa jikoni.” Wageni hucheka. Sisi tuliomzoea hatucheki sana.

Wiki iliyopita nilimuuliza kuhusu ukoo wake mwenyewe, akina McAleer, waliokuwa hapa kabla ya Hugh kushuka mashuani.

“Wangu? Namjua bibi yangu mzaa mama, basi,” akasema. “Nyuma ya hapo hatukuandikwa, Malachy.”

Kwa hiyo wenzako wa bustanini, jikoni na ofisini tumekununulia daftari, Dympna, lenye jalada gumu na kurasa tupu mia mbili. Ukurasa wa kwanza tumeandika jina lako na siku uliyozaliwa. Ahsante kwa kila ulichotufanyia. Nenda salama Bundoran, huko pwani unakohamia, ukapate jirani mwema, chai ya moto na mtu wa kunywa naye.

Malachy Tierney, bustanini