Kilo Tatu za Mjomba

DAKIKA: Haloo? Nani mwenzangu?

MJOMBA: Mkaguzi wa mizani! Wenye maduka wote, mikono juu, mawe ya kupimia mezani!

DAKIKA: (anacheka) Mjomba! Shikamoo. Mbona namba ngeni?

MJOMBA: Marahaba, Dakika wangu. Laini mpya. Ile ya zamani imestaafu, imenifuata mimi. Upo nyumbani?

DAKIKA: Nani kakwambia nipo nyumbani?

MJOMBA: Saa sita mchana duka la dawa lingekuwa na kelele za wateja. Hapo kwako kimya, ila— hebu, hicho kishindo ni cha nini? Tu-tu-tu-tu. Unatwanga?

DAKIKA: Si kitu. Natembea.

MJOMBA: Kwenda wapi, chumba chenyewe hatua nne?

DAKIKA: Papo hapo. Saa ya mkononi inadai hatua zake, Mjomba. Haijali kama mtu yupo kwenye simu.

MJOMBA: Kali kweli. Enzi zangu nilikuta duka moja mizani yake kali hivyo hivyo, inapima mpaka kivuli. Mteja akisimama upande wa jua analipa zaidi. Nikamwambia mwenye duka, hii mizani naikamata, na jua lenyewe lije kituoni kutoa maelezo.

DAKIKA: Mwongo! Mwaka jana ulisema ni mwezi.

MJOMBA: Ya mwezi ilikuwa duka jingine. Dakika, mama yako amenipigia.

DAKIKA: (kishindo kinasita, kisha kinaanza tena) Amesemaje?

MJOMBA: Kwamba juzi ulianguka kazini.

DAKIKA: Sikuanguka. Nilikaa chini.

MJOMBA: Ulikaa chini katikati ya makabati, na chupa kumi na mbili za dawa ya kikohozi zikakaa nawe.

DAKIKA: Tisa.

MJOMBA: Haya, tisa. Samahani, nimezidisha chupa tatu.

DAKIKA: Na bosi kanipa mapumziko ya wiki nzima, kama mgonjwa! Mimi sijawahi kukosea kidonge hata kimoja, Mjomba. Hata kimoja.

MJOMBA: Najua. Umekula?

DAKIKA: Nimekula.

MJOMBA: Nini?

DAKIKA: Chakula.

MJOMBA: Kina jina?

DAKIKA: Mjomba, jamani...

MJOMBA: Nauliza jina tu, sijaomba kitambulisho.

DAKIKA: Tango. Na chai.

MJOMBA: Tango zima?

DAKIKA: (mtandao unakwaruza) —sikusikii vizuri, mtandao—

MJOMBA: Umenisikia.

DAKIKA: (kishindo kinaongeza kasi)

MJOMBA: Na mguu?

DAKIKA: Una bandeji. Ni ufa mdogo kwenye mfupa, kama uzi. Hata hauonekani.

MJOMBA: Mfupa una ufa, nawe unautwangia sakafu!

DAKIKA: Nakanyagia kisigino. Nimeshapata namna yake.

MJOMBA: Ndicho kinachonitisha, kwamba kila kitu unakipatia namna yake. Halafu kuna lile jambo jingine, mama yako amesema ni miezi minane sasa hujaona siku za—

DAKIKA: Hayo si ya kuongea na mjomba!

MJOMBA: Si ya mjomba. Nami nilijifanya simu imekatika. Lakini minane niliisikia.

DAKIKA: (anacheka kidogo) Nyie mnanionea wivu tu. Unajua kwenye kikundi cha mazoezi wananiitaje? Chuma. Mkufunzi kabandika picha yangu ukutani, pale mlangoni. Mtu akilalamika kachoka, anaambiwa, mtazame Chuma. Wote wana siku wanazokosa. Mvua, harusi, mtoto anaumwa. Mimi sijakosa hata—

MJOMBA: Tangu darasa la tatu hujakosa hata dakika moja. Ndiyo nikakuita Dakika. Ulipata tisini na tisa, ukachana daftari zima, ukakaa siku mbili unaliandika upya.

DAKIKA: Herufi zilikuwa zimepinda.

MJOMBA: Zimepinda wapi! Nasi tukacheka. Nikalizungusha lile daftari kwa wageni, tazameni mpwa wangu, tazameni mwandiko. Kumbe pale pale... (anakohoa) Basi. Sikiliza. Saa nane daktari anakusubiri. Nina teksi hapa mlangoni, dereva nimeshamlipa kwa hadithi mbili, ya tatu nitamalizia njiani. Nakupitia.

DAKIKA: Siendi.

MJOMBA: Uliahidi.

DAKIKA: Niliahidi kabla sijapanda mizani yao.

MJOMBA: Imekufanya nini mizani yao?

DAKIKA: Mbovu. Wiki ile nimepima kwangu asubuhi, nikaenda kwao, ikanizidishia kilo tatu. Kilo tatu, Mjomba! Kwa mwendo wa nusu saa! Nesi anaandika tu. Nikamwambia, dada, mizani yenu mbovu. Ananitazama kama mimi ndiye mbovu. Sasa mtu ambaye hawezi hata kupima, ataniambia nini kuhusu mwili wangu? Mjomba? Upo?

MJOMBA: Nipo.

DAKIKA: Tena nilitaka nikuombe. Wewe si wanakuheshimu bado kule ofisini kwenu? Waambie waende wakaikague. Watu wanapewa dawa kwa uzito pale.

MJOMBA: Dakika, na ile ya kwako...

DAKIKA: Yangu safi! Si uliitengeneza mwenyewe, ule mshale uliokuwa unakwama? Mimi kioo sikiamini, mama simwamini, anaona mifupa mpaka kwenye mto wa kulalia. Lakini ile imepita mikononi mwako. Na unajua nini? Nilitaka nikupigie mimi. Asubuhi ya leo nimefika.

MJOMBA: Umefika wapi?

DAKIKA: Kwenye namba yangu! Ile niliyokwambia siku ile niliyokuletea mizani.

MJOMBA: Ulisema ukiifikia utaacha. Tulipeana mikono.

DAKIKA: Nilisema, ndiyo. Nilidhani nikiifikia nitasikia kitu. Nimeshuka, nimepanda tena, mara sita. Ileile. Halafu... hamna kitu. Nikajiambia, kumbe inawezekana. Basi niongeze kidogo, iwe akiba. Ili nikila siku moja vibaya nisirudi juu.

MJOMBA: Lini utakula vibaya, wewe?

DAKIKA: Siwezi kujua.

MJOMBA: (anashusha pumzi) Mwanangu, simama kidogo. Hicho kishindo, kisimamishe.

DAKIKA: Zimebaki mia mbili—

MJOMBA: Simama!

DAKIKA: (kishindo kinakoma) Nimesimama. Mbona unapiga kelele? Hujawahi kunipigia kelele.

MJOMBA: Miaka thelathini na minne nimekamata wapunjaji. Nimemkamata muuza nyama anayepima na kidole gumba chake, nikamwambia akikate aniuzie. Najua wizi wote wa mizani. Sijawahi kuchezea hata moja.

DAKIKA: Najua. Ndiyo maana—

MJOMBA: Nimechezea moja.

DAKIKA: Ipi?

MJOMBA: Yako. Sifuri nikaiacha palepale, maana wewe sifuri ungeikagua. Nikaikaza springi. Ikiwa tupu inasema kweli. Ukiipanda, inakula kilo tatu.

DAKIKA: (mtandao unakwaruza) —nini?

MJOMBA: Nilijisemea, hiyo namba yake nitamsogezea. Aione mapema, apumzike, mwili ubaki nazo tatu za kumlinda. Ujanja wa mzee, Dakika. Niliona nimefanya bonge la kazi, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

DAKIKA: Kwa hiyo ya hospitali...

MJOMBA: Ya hospitali nzima! Nesi hana kosa, daktari hana kosa, wote wakweli, mwongo ni mimi peke yangu. Unaona? Kwa hiyo unaweza kwenda. Vaa kanga yako, nakuja sasa hivi, dereva keshawasha—

DAKIKA: Kwa hiyo asubuhi ya leo sikufika.

MJOMBA: Eh?

DAKIKA: Namba yangu. Sijawahi kuifikia.

MJOMBA: Dakika, sikia—

DAKIKA: Miezi yote hii. Watu wananipigia makofi. Picha ukutani. Na mimi nina kilo tatu nimezificha.

MJOMBA: Hukuficha wewe! Ni springi!

DAKIKA: Nilikuwa najua. Nilikuwa najisikia mzito nikipanda ngazi, nikasema mbona mizani inakataa? Mwili ulikuwa unasema kweli.

MJOMBA: Mwili ulikuwa unachoka! Mwili ulikuwa unakufa njaa, mwanangu— (mlio mfupi wa salio)

DAKIKA: Sikukasirikii, Mjomba. Usilie.

MJOMBA: Silii. Ni kamasi za uzee. Dakika, nasikia kamba. Unafunga nini?

DAKIKA: Viatu.

MJOMBA: Vya kuja hospitali.

DAKIKA: (anakaza kamba)

MJOMBA: Niambie ni vya kuja hospitali. Nidanganye tu, mimi nimekudanganya, tutakuwa sawa.

DAKIKA: Siwezi kwenda kupanda ile mizani leo. Nikiwa hivi? Nikishazitoa nitaenda mwenyewe, hata hutahitaji kunipeleka. Wiki tatu tu. Nikikaza, mbili.

MJOMBA: Nakuja. Usitoke. Dakika kumi nipo hapo mlangoni.

DAKIKA: Utakuta nimeshapita soko nakimbia. Ahsante kwa kuniambia ukweli. Wengine wasingesema.

MJOMBA: Usinishukuru! Ukinishukuru utaniua. Hizo kilo tatu ni zangu, Dakika. Nilizitia mimi, kwa bisibisi yangu. Niachie mimi nizibebe— (mlio wa salio)

DAKIKA: Mjomba, salio linakwisha. Msalimie mama. Mwambie nimekula.

MJOMBA: Ngoja, mguu, ule mguu basi—

DAKIKA: Kwaheri, Mjomba. (mlango unafungwa, simu haijakatwa, bado iko mkononi, hatua zinashuka ngazi, moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, kisha kwa haraka)

MJOMBA: Dakika? Haloo? Nakusikia, unachechemea. Punguza mwendo basi. Mwanangu? Punguza mwen—