Fundi Bomba Aliyepiga Hodi Hadi Mwisho

Ndugu waombolezaji, marehemu alizaliwa tarehe tisa mwezi wa pili, mwaka wa tatu wa safari yetu ya angani, humuhumu chomboni, katika chumba cha nyuma kinachopakana na matangi ya maji, akiwa kitindamimba wa mama asiyetaka utani, aliyemfundisha kupiga hodi kabla hajajua kutembea sawasawa, naye akalishika neno hilo hadi likawa kero, akapiga hodi hata kwenye milango inayojifungua yenyewe, ndipo tukamwita Hodi.

Shule alimaliza mwaka wa kumi na saba, kwa kuburuzwa, akaajiriwa ufundi bomba, kazi aliyoifanya vizuri na kuilalamikia vizuri zaidi. Mwaka wa ishirini na nne alimwoa mshonaji wa ghorofa ya pili, aliyemkubali, kwa maneno yake mwenyewe, ili kelele mlangoni ziishe, wakajaliwa binti mmoja.

Mwezi wa nne mwaka huu kuvu la kijivu liliingia katika mabomba ya maji na hewa. Waliolivuta hawakulala kitandani, hilo ndilo lililotushangaza, walicheka, walitaniana, walikumbuka hata majina ya wajukuu, mpaka mshonaji alipomwambia Hodi, kuhusu kaka yake aliyelivuta, “Shemeji ameingia kwetu bila hodi, na leo si mara ya kwanza.” Tukaanza kuchunguza, tukaona kweli, ndani ya waliolivuta kuvu lilijifunza kila kitu cha mtu, adabu likaiacha, hakuna aliyepiga hodi tena.

Hodi aliingia chumba cha pampu kufunga bomba kuu, akalifunga, lakini barakoa yake ilipasuka, akalivuta. Hakurudi ndani ya chumba chao. Kila asubuhi alikuja mlangoni, akapiga hodi, akamsimulia mkewe kupitia chuma jinsi kuvu linavyomwingia, kwanza ladha ya msumari, kisha wimbo asiowahi kuusikia, ambao alikiri ni mzuri. Akamwagiza, “Mama Binti, siku nikisukuma mlango bila hodi, huyo si mimi. Usifungue hata akilia.”

Tarehe kumi na moja mwezi wa sita mlango ulisukumwa. Sauti ilikuwa yake, ilimwita mkewe kwa jina wanaloitana wakiwa wawili tu, ikambembeleza, ikalia. Mkewe akauliza, “Umesahau nini?” Ikataja yote ya maisha yao, ila neno hodi halikutoka. Hakufungua. Siku hiyo ndiyo tunayoihesabu ya kifo chake, ingawa mwili ulichelewa kupata habari.

Tunamshukuru daktari, aliyesema hajui pale alipokuwa hajui, majirani, na mafundi wenzake waliokunywa maji ya kuchemsha bila kununa, au wakinuna kidogo. Kabla jeneza halijatolewa nje ya chombo, mjane anaomba kila mmoja apite, apige hodi juu ya kifuniko.

Pumzika kwa amani, Hodi. Sisi tutabisha, wewe usijibu.